Majuto Namba Kumi na Nne

Mwezi uliopita tulihama kutoka Kaloleni kwenda Kwa Mrombo, hapa hapa Arusha, na kuhama ndiko kunakomkutanisha mtu na mambo yake. Uvunguni mwa kitanda, nyuma ya kopo la rangi iliyokauka zamani, palikuwa na boksi la sabuni limefungwa kamba ya katani. Mke wangu alidhani ni zile sahani za harusi tulizozitafuta miaka nenda rudi. Nilipolinyanyua likatoa mlio wa vitu vyembamba vinavyosuguana, nikajua kilichomo kabla kamba haijafunguka.

CD za filamu. Zinafika mia mbili, hazina kava, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi, na juu yake mwandiko wangu mwenyewe kwa makapeni nyeusi. KIHINDI 31. KINAIJA 22. NGUMI 8. Halafu MAJUTO, kuanzia 1 mpaka 27. Namba 9 haipo, na namba 14 zipo tatu.

Kama unataka kunitupia ile methali ya majuto ni mjukuu, umechelewa. Mke wangu aliitupa palepale, akiwa bado ameshikilia upande wake wa kitanda.

Majuto ninayemsema ni mchekeshaji Amri Athumani. Kwenye makava aliandikwa King Majuto, sisi mtaani tulimwita Mzee Majuto. Mtoto wa Tanga, mzaliwa wa mwaka 1948, aliyeanza kupanda jukwaani angali mtoto mdogo mwishoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika haijapata hata uhuru. Alifariki Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na miaka 70. Ukipiga hesabu, ni kama miaka sitini ya kuchekesha watu. Mimi nilimdaka kwenye ile ya mwisho mwisho, na nilimdaka kama mfanyabiashara. Nilikuwa nachoma CD zake, yaani nazinakili, na kuziuza. Hakuwahi kupata senti yangu hata moja.

Nitafika huko. Kwanza nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mchekeshaji wangu wa kwanza hakuwa Majuto, wala hakuwa Mtanzania.

Runinga Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini, lakini Zanzibar ni mbali na Arusha. Baba mdogo alikuwa fundi baiskeli Namanga, hatua chache kutoka mpakani, na alikuwa na TV ndogo ya nyeusi na nyeupe aliyoiunganisha na betri la gari. Antena aliifunga juu ya nguzo ya mkaratusi, na kulikuwa na mtoto wa zamu wa kuizungusha. Likizo moja mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilisimama nje nimeshika nguzo, ndani wanapiga kelele "Hapo! Hapo! Ah, umepitiliza!", na mimi picha siioni, ila sauti naisikia kupitia dirishani. Ilikuwa sauti ya mzee anayeongea Kiswahili kama mtu anayekokota gunia, na kila akimaliza sentensi nyumba inaangua kicheko.

Yule alikuwa Mzee Ojwang wa Vitimbi, mchezo wa televisheni ya taifa ya Kenya. Jina lake la kwao ni Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi ambayo watu wengi walikuja kushangaa uzeeni kwake kwamba si yake ya kuzaliwa. Mkewe wa kwenye mchezo, Mama Kayai, watazamaji walidhani ni mkewe kweli. Mimi nilimpenda kabla sijamwona uso. Wiki nzima nilimjua kwa sauti tu, na siku baba mdogo aliponihurumia akaniruhusu niingie ndani, nilikuta chenga tupu na kivuli cha mtu mwenye kofia. Sikuona hasara yoyote.

Ojwang alifariki Julai 12, 2015. Kabla ya hapo alisumbuliwa na macho, na ni wananchi wa kawaida wa Kenya waliochangishana ili atibiwe. Mtu aliyewachekesha kupitia runinga ya taifa kwa miongo kadhaa, mwisho anapitishiwa kofia. Nilisoma habari zake nikiwa dukani Kaloleni, nikatikisa kichwa, nikasema Wakenya hawa. Wakati nasema hivyo, raita ya kompyuta yangu, ile ya kunakili CD, ilikuwa inazunguka, inachoma Majuto.

Duka nililifungua mwaka 2004 kwa mtaji wa kiinua mgongo cha mzee wangu, aliyekuwa kiwanda cha matairi cha General Tyre. Lilikuwa nyuma kidogo ya barabara ya kuelekea Soko la Kilombero, upana wake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mwanzo ilikuwa laibrari, unakodi kanda kwa usiku mmoja, unaacha kitambulisho. Kanda zikaisha zikaja CD, na CD zikaleta kompyuta. Kompyuta ndiyo ikaleta dhambi. Nilikuwa nikinunua oriji moja Dar, au natumiwa kwa basi, naiingiza kwenye mashine, na kufika jioni nina nakala ishirini. CD tupu nilizinunua za kopo la hamsini. Nakala nikauza Sh 1,000.

Sasa, jambo moja la kiufundi ambalo nimelifikiria sana tangu boksi lilipofunguka. Oriji inakuja na kava: picha, jina la filamu, majina ya waigizaji, ya mwongozaji, ya aliyeshika kamera. Nakala yangu ilikuwa na namba. Kuandika jina zima kwa makapeni kunachukua muda na wateja wenyewe hawakuwa wakiuliza jina, walikuwa wakisema "nipe Majuto ambayo sijaiona." Kwa hiyo nikampa namba. Leo nikishika MAJUTO 14 sijui filamu hiyo inaitwaje. Mimi ndiye niliyelifuta jina lake, na sijui mahali pa kulipata.

Lakini kilichomo ndani nakijua. Nimemtazama Majuto kuliko nilivyomtazama baba yangu mzazi. TV ya dukani ilikuwa inawaka kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, na ukiweka Majuto watu wanasimama mlangoni, na wakisimama baadhi wananunua. Ukiona kitu mara sitini unaacha kucheka unaanza kuona kinavyotengenezwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuwa na haraka. Wachekeshaji wengi waliokuja nyuma yake, na nisikilizwe vizuri, wapo ninaowapenda, wanachekesha kwa kelele: anaanguka, anavaa suruali juu ya tumbo, anapaka uso masizi. Majuto naye alivaa vituko, hakuwa malaika. Ila kicheko chenyewe alikitoa kwenye kungoja. Anaambiwa jambo, tuseme mwanawe ameharibu pesa. Hajibu. Anamtazama mwana. Anaitazama sahani ya wali iliyo mbele yake. Anamtazama mwana tena, halafu anasogeza sahani karibu yake kidogo, kama vile hata wali huo sasa uko hatarini. Bado hajasema neno, na mlangoni kwangu watu wameshashika ukuta.

Naamini hiyo ni shule ya jukwaani. Kabla ya runinga, vichekesho vya nchi hii vilikuwa ndani ya vikundi vya sanaa vilivyozunguka mikoani na ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu, vyote usiku mmoja. Mchekeshaji anapandishwa baada ya ngoma ya nyoka. Watu wamechoka, wengine wamelewa, maikrofoni moja inapokezanwa. Hapo ukikimbilia maneno umekwisha. Lazima kwanza uwanyamazishe, na mtu mfupi kama yule angewanyamazisha vipi isipokuwa kwa kusimama na kuwatazama? Kamera ilipokuja, ilimkuta mtu ambaye tayari anajua kukaa kimya.

Cha pili ni Kiswahili chake. Sisi Arusha Kiswahili chetu kinajulikana. Chalii wa hapa akikusalimia unaweza kudhani anakudai. Majuto alikuwa na Kiswahili cha Tanga, kinachokutukana huku kimekushika mkono. Wateja wangu, Wameru na Waarusha na Wachaga, walikuwa wakija asubuhi wanajaribu kuongea kama yeye na wanashindwa, kwa sababu walikuwa wanaiga maneno. Utamu ulikuwa kwenye ile irabu anayoivuta mwishoni, kama mtu anayekuaga huku bado amekaa.

Cha tatu nilikigundua kwa kurudisha nyuma. Komedi nyingi za enzi zile hazikuwa na andiko la kukariri. Mnapewa kisa, mengine mnayaokota mbele ya kamera. Sasa mtazame yule anayeigiza naye, usimtazame Majuto. Utamwona anageuza shingo ghafla kutazama ukutani, au anajifanya anakohoa, au anainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Anabana kicheko. Namba 14 ina sehemu ambapo binti anayeigiza kama mkwe ameficha uso wote ndani ya mtandio, mabega yanaruka, na mtazamaji asiyejua anadhani analia kwa uchungu.

Nisimpambe kupita kiasi. Filamu nyingi alizocheza zilikuwa mbovu. Upepo unaingia kwenye maikrofoni, kivuli cha mshika kamera kinapita ukutani, na kisa cha dakika arobaini kinavutwa mpaka kitoshe sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Alikuwa anakubali kila kazi. Kuna mwaka nilimpa namba sita ndani ya miezi michache, na katika nne kati ya hizo alikuwa mzee yuleyule mwenye tamaa ya wanawake yuleyule. Wakati ule nililalamika, tena kwa sauti, mbele ya wateja: mzee ameishiwa. Sikujiuliza kwa nini mtu wa miaka sitini na kitu anakimbizana na kazi namna ile. Wasanii wengi wa filamu zetu waliuza kazi kwa mkupuo: unapewa chako siku ile, na ikitoka nakala elfu au laki hayakuhusu tena. Ukitaka kula kesho, ucheze nyingine. Na nyuma ya msambazaji tulikuwepo sisi, wenye raita.

Vijana wa Ze Comedy walipovuma EATV, na walipohamia TBC1 wakajiita Orijino Komedi, mtaa mzima uliigiza wanasiasa walivyoigizwa na akina Joti na Masanja. Kwangu haikuwa biashara. Kitu kinachorushwa bure nitamuuzia nani? Majuto ndiye aliyekuwa wa kuuza. Yeye na mchekeshaji mwenzake, Sharo Milionea.

Mwaka 2011 hivi nilipanda basi la alfajiri kwenda Tanga, kwenye shughuli ya ukoo wa mke wangu. Konda wa basi lile alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, ndiyo maana nilipata kiti cha mbele, chini ya TV. Mpaka Moshi wakaweka kwaya. Baada ya Mwanga konda akatoa bahasha ya karatasi mfukoni, nikauona mwandiko wangu kwa mbali.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyepandia Moshi, amejifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, na simu haikumwishia. Nilisikia vya kutosha kuelewa kwamba kaka yake amefariki Korogwe na mazishi ni saa kumi jioni. Nikatamani kumwambia konda azime. Lakini basi zima lilikuwa limeshaanza: kule nyuma kulikuwa na wanafunzi, katikati kuna wazee wawili wa Kimasai ambao kwa jinsi walivyokuwa wakitafsiriana nadhani Kiswahili kiliwapita kidogo, na bado walikuwa wanapigana makofi ya mgongoni. Tukapita Same, tukapita Makanya, milima ya Upare iko kushoto, jua limeanza kuchoma kioo. Mama amekaa vilevile.

Karibu na Hedaru, Majuto akafanya lile la sahani.

Nikahisi kiti kinatikisika. Nikageuka nikidhani amezidiwa na kilio. Alikuwa ameng'ata pindo la khanga, machozi yanatiririka, na anacheka. Anacheka bila sauti, kwa mabega, kama yule binti wa kwenye filamu. Alipoona namtazama akasema, "Mungu anisamehe, mwanangu." Sikujua la kujibu, nikamwambia pole mama. Akafuta uso, akatazama tena juu, halafu akasema kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu, "Huyu si wa kwetu? Ni wa Tanga huyu. Marehemu alikuwa akimpenda sana."

Alishuka Korogwe bila kuaga, mtu mmoja alikuja kumpokea mlangoni na wote wawili wakaanza kulia. Tulipofika Segera konda akaja kuniuliza kama ina sehemu ya pili. Nilimwambia ipo, atapata Jumanne, buku.

Mwaka uliofuata, Novemba 26, 2012, Sharo Milionea alikufa kwa ajali ya gari akielekea kwao Muheza. Hussein Mkiety, kijana aliyekuwa anachekesha kwa madaha ya sharobaro, na Majuto ndiye mzee wa kumtoa madaha hayo. Walikuwa wanalingana kama kinu na mchi. Habari ilifika Arusha usiku uleule. Asubuhi nilikuta watu mlangoni kabla sijafungua, wote wanataka kitu chenye Sharo. Nilichoma mchana kutwa na usiku kucha mpaka raita ikanuka plastiki inayoungua, nikazima, nikaipepea kwa kipande cha boksi, nikaendelea. Ndiyo wiki niliyouza kuliko zote tangu nifungue duka. Nilinunua friji. Friji hilo bado tunalo, limekuja nalo Kwa Mrombo.

Mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu, na ukaguzi ukapamba moto. Siku moja kijana wa bodaboda akapita mbio akipiga honi, akaropoka "Wanakuja!" Nilikuwa na nakala kama themanini mezani. Jirani yangu alikuwa mama muuza loshoro, lile la mahindi na maziwa mgando, mtu wa heshima zake, ana kibanda na mabenchi mawili. Nikamkimbilia. Hakuuliza kitu. Akafungua gunia la mahindi, nikamwaga CD, akarudishia mahindi juu, akakaa juu ya gunia.

Wakaguzi walikuwa wawili. Wakapekua kwangu, wakakuta kompyuta na oriji nne. Jua kali, saa saba mchana, njaa. Wakavuka kwenda kwa jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. La moto au la baridi?"

Wakakaa benchini na bakuli zao za loshoro. Na juu ya kabati la mama yule kulikuwa na TV na deki, na ndani ya deki, tangu asubuhi, kulikuwa na namba 14.

Mimi nilisimama mlangoni kwangu, miguu imekwisha nguvu. Wale mabwana walianza kwa kutabasamu. Halafu mmoja akaacha kula. Halafu mwenzake akapaliwa na loshoro mpaka akapigwa mgongoni. Walikaa pale dakika zaidi ya thelathini, wakaongezwa bakuli, wakaangalia mpaka mwisho, mpaka yale majina yanayopanda, ambayo kwenye nakala zangu huwa yanakatika katikati kwa sababu nilikuwa napunguza ili CD itoshe. Yalipokatika, mkaguzi mmoja akakumbuka kazi yake.

"Mama, hii CD umeitoa wapi?"

Mama akiwa bado amekaa juu ya CD themanini, akasema, "Imo humo humo tangu nilivyoinunua hiyo deki, mwanangu. Mimi sijui hata inapotokea."

Wakalipa, wakaondoka. Mmoja akageuka kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina nyingine ya yule mzee. Nilimwambia sina. Ilikuwa mara ya kwanza kumnyima mtu Majuto.

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi kwenye vijiwe na hakijawahi kuniangusha. Ila tangu boksi lifunguke nakiona kwa upande mwingine. Watu wanne tulikuwa pale: muuzaji, mficha mali na wakaguzi wawili wa serikali. Wote tulifaidi kazi ya mtu wa tano, na katika sisi wanne hakuna aliyemtaja hata kwa jina la filamu yake.

Stempu hazikuniua. Kilichoniua ni simu. Watu walianza kuja na memori kadi, nikawa najaza. Wakaja na flashi, nikajaza. Mwisho wakaacha kuja. Kufikia 2016 nikawa fundi simu, kazi ninayofanya mpaka leo.

Huku nyuma Majuto akaanza kuumwa. Na kabla ya kuumwa alishauawa mara kadhaa na mitandao: unaamka unakuta picha yake na mishumaa, mchana anatokea mwenyewe kusema yu hai. Mwaka 2018 alipelekwa India kwa matibabu, akarudi. Mwaka huohuo aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ya matangazo ya biashara ndiyo iliyoliwasha jambo lile. Uso uliokuwa kwenye mabango ulikuwa wa mtu anayehangaikia matibabu. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nabadilisha kioo cha simu, bisibisi ikaniponyoka.

Agosti 8 ile ya 2018 nilikuwa viwanja vya Nane Nane, Themi, kule Njiro. Nilikuwa na meza ya kava za simu karibu na mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Giza limeshaingia, watu wanakusanya mizigo, jenereta zinazimwa moja baada ya nyingine. Kijana wa meza ya jirani akasema, macho kwenye simu, "Majuto amefariki."

Mzee mmoja aliyekuwa akifunga mizinga ya nyuki kwenye mkokoteni akajibu bila kugeuka, "Wamemuua tena?" Tukacheka. Tulicheka kweli, mimi na mzee wa mizinga na vijana watatu, kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri, na kwa sababu tulikuwa na hakika kwamba kesho atatokea mwenyewe na ile sauti yake kukanusha. Kijana akaendelea kusoma. Muhimbili. Jioni hii. Familia imethibitisha. Mzee wa mizinga akaacha kamba.

Akaagwa Dar es Salaam, akazikwa kwao Tanga. Kwangu hakuja mtu kuuliza CD. Kila mmoja alikuwa naye mkononi tayari, vipande vya dakika mbili mbili, bure, na yule aliyevikata ameandika namba yake ya simu juu ya paji la uso wa mzee. Nikajisikia kukasirika. Halafu nikakumbuka makapeni.

Turudi Kwa Mrombo. Jumapili ya kwanza kwenye nyumba mpya, mke wangu alisema niamue: boksi linakaa au linatoka. Nikamwomba jirani deki. Alikuwa nayo, imefunikwa kitambaa, alinipa kwa furaha ya mtu aliyeombwa kitu cha kale. Wanangu wawili wakakaa chini. Nikachagua namba 14 ile yenye mikwaruzo michache.

Ikawaka. Rangi zimepauka, sauti ina mvumo. Nilikuwa nimeshajiandaa kuwaeleza watoto huyu ni nani, amezaliwa wapi, nini kilimpata. Majuto akaingia, akakaa, akaletewa sahani, akaambiwa lile jambo kuhusu pesa. Akamtazama mwanawe.

Hapo picha ikaganda. CD imekwama, deki inakereza, kreee, kreee, na mzee yuko pale ameganda, macho yamegeuka nusu kuelekea kwenye wali.

Mdogo akaangua kicheko. Mkubwa akafuata. Hawakujua kwamba CD imekwama, walidhani ndivyo anavyofanya.

Nikainuka, nikaitoa, nikaipuliza, nikaifuta kwa pindo la shati kuanzia katikati kwenda nje. Ukifuta kwa kuzungusha unaikwaruza zaidi, hilo kila mtu wa laibrari analijua. Nikairudisha. Nyuma yangu mke wangu, aliyekuwa anataka boksi litoke, akasema, "Fanya haraka basi, anataka kusogeza sahani."